Mama Alivyofagia Matuta

Mama yangu alikwenda pwani na ufagio. Nalisema mapema ili baadaye usidhani natia chumvi. Aliposhuka stendi ya Korogwe kutoka kwenye basi la Handeni alikuwa na begi la nguo, kiroba cha unga, kuku ndani ya kikapu, na huo ufagio wa vijiti alioufunga mwenyewe kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Maryamu. Shika kuku."

Nikashika kuku. Nikamwuliza ufagio wa nini.

"Huko aliko mdogo wako ni wanaume watupu. Ufagio watautoa wapi?"

Mimi naishi Mombo, nauza mahindi ya kuchemsha na ndizi kwa abiria wa mabasi. Kazi yangu ni kukimbia chini ya madirisha nikipiga kelele, na imenipa sauti kubwa na subira kidogo. Lakini mbele ya mama yangu, Bi Fatu, sauti hiyo huishia kooni. Ukibishana naye kuhusu usafi utazeeka bado unabishana.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi, ingawa majirani tuliwaambia hivyo. Tulikwenda kumrudisha mdogo wangu Muhsin. Baba yetu, mzee Muhidini, alifariki mwaka jana, akaacha shamba la mahindi na ufuta kijijini kwetu Handeni, na mama peke yake ndani ya nyumba. Baba mdogo Jabiri alikuwa ameshasema wazi: ama Muhsin aje ashike shamba la baba yake kabla ya mvua za vuli, ama wanawe yeye Jabiri waingie walime, na wakishaingia ndiyo basi. Mama akaomba kwanza akaonane na mwanawe uso kwa uso. Na mimi nilitaka arudi, nisiseme uongo. Kila mama alipochelewa kupokea simu, mabasi yalikuwa yananipita nimesimama na beseni kichwani, nimeduwaa.

Kuna jambo moja la kwetu lazima nilieleze. Msafiri akishatoka nyumbani, uwanja haufagiwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia unafuta nyayo zake, na safari inaweza kuharibika. Siku Muhsin alipoondoka kwenda kuanza kazi kwenye hifadhi ya pwani, mama alificha ufagio. Basi yule kijana akafika, akaiona bahari, akasahau kupiga simu. Majani ya mpera yakajaa uwanjani, kuku wakafukua wanavyotaka, hadi jirani mmoja akaja na uso wa msiba kuuliza nani amefariki. Simu ilipoita hatimaye, mama hakutoa hata salamu. Alisema, "Umefika? Haya," akatoa ufagio alikouficha, akafagia huku analia.

Tulipanda basi mpaka Pangani, kisha pikipiki mbili. Minazi ikaisha, njia ikalainika, pikipiki zikaanza kuyumba kama zimelewa, na halafu hapakuwa na njia tena. Palikuwa na mchanga. Umepanda juu kuliko paa la nyumba, umeshuka, umepanda tena, mweupe, na upepo unaupeperusha kileleni kidogo kidogo bila kuchoka. Nilizima kelele zangu bila mtu kuniambia. Hata kuku ndani ya kikapu alinyamaza.

Muhsin alikuja akitelemka mchangani na sare yake ya kijani, amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, meno yote nje. Alimshika mama mikono, akamwambia shikamoo mara mbili kwa furaha. Nyuma yake alikuja mkuu wake wa kituo, Ernesti, Mshambaa wa milimani juu ya Mombo, mtu wa makamo mwenye kofia iliyopauka.

"Karibu Hifadhi ya Matuta, mama," Ernesti akasema. Kisha akauona ufagio. "Lo! Wazigua mmekuja kutufagia?"

"Nyinyi Washambaa mmeshuka kwenye migomba yenu mkasahau kuoga," mama akamjibu, "naona mmesahau na kufagia." Ernesti akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Wazigua na Washambaa ni watani, nao walikuwa wameshajuana.

Mama aliuliza matuta ya nini, ya viazi? Muhsin akatuongoza upande wa pili wa kilima cha kwanza, na pale hata mimi nilisimama. Mteremko mzima ulikuwa umefunikwa na mmea unaotambaa, kamba zake ndefu, majani ya kijani mazito, maua ya zambarau yamefunguka kuelekea baharini. Mtu na akili zake angeapa ni shamba la viazi vitamu. Mama alichuchumaa, akafukua mchanga kwenye shina kwa vidole viwili, akatafuta kiazi. Hakuna. Akafunika vizuri.

"Ni ndugu wa kiazi," Muhsin akasema. "Ila huyu hazai chakula. Anaushika mchanga usiondoke."

"Na matuta alilima nani?"

"Upepo, mama."

"Akavuna nani?"

Muhsin akatabasamu tu. Mama aliyatazama yale matuta kwa muda mrefu, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu mashamba ya wengine, kisha akasema kwa Kizigua kwamba mkulima wa namna hii hajawahi kumwona. Muhsin akamweleza kwamba matuta yanahama, kila mwaka yanasogea kidogo kuelekea nchi kavu, na kuna miti iliyomezwa mpaka shingoni ambayo bado inachipua juu. Mama hakumbishia. Alikuwa ameshaingia katika hali fulani ambayo sikuizoea kwake, hali ya kukubali kila anachoambiwa.

Jioni ile tulitembea ufukweni. Kaa wadogo wenye rangi ya mchanga wenyewe walikuwa wanatoka mashimoni, ukiwatazama hawapo, ukitazama pembeni wapo. Ndege weupe ambao Muhsin anawaita membe walisimama wote wakielekeza midomo upande mmoja, kimya, hadi niliona aibu kukohoa. Kenge mkubwa alipita chini ya vichaka akiburuta mkia, hana haraka na mtu. Na kwenye kona, pale mchanga unapokutana na maji, tulimkuta pongo. Pongo yule yule wa vichakani kwetu anayekula majani ya kunde na kufukuzwa na mbwa, amesimama peke yake, miguu ndani ya povu, anaitazama bahari.

"Huyu naye kaja kutembea?" mama akanong'ona.

Mnyama aligeuza kichwa, akatuangalia, akarudi kuitazama bahari yake. Nilimwona mama anafungua mdomo, nikajua sasa ndipo atakapomwambia Muhsin kilichotuleta. Lakini aliufunga. Nami nikashukuru, maana maneno ya shamba na baba mdogo yangekuwa kelele mahali pale.

Muhsin alitupa kibanda chake, yeye akaenda kulala kwa Ernesti. Kibanda kiko kwenye bega la tuta, mlango unatazama bahari, na kutoka kizingitini mchanga unashuka wazi mpaka majini.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka na kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Nikatoka nje. Kule chini kabisa, karibu na maji, nilimwona mtu mdogo ameinama, kanga kichwani, mkono mmoja mgongoni, mwingine unakwenda na kurudi. Kutoka miguuni pangu mpaka kwake mchanga wote ulikuwa umefagiwa, umechorwa mistari ya upinde iliyopangana, hakuna jani, hakuna gamba la konokono, hakuna unyayo. Takataka zote zilikuwa lundo moja dogo kando. Ndivyo mwanamke wa kwetu anavyofanya akilala ugenini: akimaliza kuswali alfajiri anatafuta ufagio kabla mwenyeji hajaamka. Nilicheka peke yangu. Nikasema moyoni, mama huyu akiachwa atafagia mpaka Unguja.

Kisha nikawaona Muhsin na Ernesti wanakuja mbio.

Walikuwa wametoka doria ya asubuhi. Walisimama penye maji, wakatazama chini, wakatazama juu, na Muhsin akashika kichwa. Niliteremka haraka.

"Mama," alikuwa anamwambia, kwa sauti ya chini, "hapa asubuhi hukuona alama? Kama mtu kaburuta gunia kutoka majini?"

"Nimeziona. Nimezifuta." Mama alinyoosha mgongo, anajivunia. "Na palikuwa na shimo kubwa limefukuliwa fukuliwa, nikalisawazisha. Watu wazima mnalala hapa, mbele ya nyumba pamechimbuka hivyo!"

Ernesti, aliyekuwa na utani wa kila kitu, alivua kofia. Hapo ndipo niliogopa.

Muhsin alimweleza taratibu. Kasa alipanda usiku, jike mkubwa, akachimba, akataga, akafukia, akarudi baharini. Lakini alitaga chini mno. Leo jioni ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, yatafika hapa tulipo na kupita, na mayai yatakufa. Yanaweza kuhamishwa juu, ila ni asubuhi hii tu, kabla jua halijawa kali. Baadaye kinachoanza kukua ndani kikitikiswa kinakufa. Na njia ya kujua yako wapi ni zile alama.

Nilitazama mchanga. Ulikuwa safi kama sinia, na mama mwenyewe hakukumbuka tena shimo lilikuwa wapi. Kasa angeweza kuwa ametaga popote kati ya pale na kichaka cha mwisho.

Mama aliuachia ufagio ukaanguka. "Nilikuwa natafuta uwanja unapoishia," akasema. "Hauishii." Macho yake yalijaa machozi, na mimi ambaye tangu mazishi ya baba sikuwa nimeyaona machozi hayo, nilimshika bega. Amekuja kumtaka mwanawe, na asubuhi ya kwanza amemharibia.

Tukapiga magoti wote wanne. Muhsin alituonyesha namna ya kugusa: kiganja wazi, unasukuma polepole, unasikiliza kwa vidole mahali mchanga ulipolegea. Lakini kwa kuwa mama alikuwa amesawazisha kote, juu palikuwa pamelegea kote. Tulisogea, tukagusa, tukasogea. Jua likapanda. Kaa walitoka kutuangalia. Ernesti alianza kutazama saa yake mara kwa mara, kisha akaivua akaitia mfukoni.

Muhsin akasimama. Akauokota ufagio, akaupangusa, akampa mama kwa mikono miwili.

"Fagia tena."

"Unanitania?"

"Hapana, mama. Anza mlangoni. Fagia kama ulivyofagia. Usitafute kitu, fagia tu."

Mama alimtazama kuona kama kuna dhihaka, hakuiona. Akapanda mpaka kizingitini. Akafunga kanga kiunoni, akaweka mkono mgongoni, akainama. Sisi tukamfuata nyuma, hatukanyagi alipo, hatusemi.

Sijui nilieleze vipi. Nimemwona mama akifagia maisha yangu yote na sikuwahi kumtazama. Ufagio ulikwenda na kurudi juu ya mistari yake yenyewe, upinde juu ya upinde, na upepo ulikuwa umetulia, na bahari ilikuwa inapumua kule chini kwa mwendo ule ule wa mkono wake. Alikuwa anaongea peke yake, nusu Kiswahili, nusu Kizigua. Hapa nilikuta unyoya. Hapa palikuwa na gome la nazi. Hapa jua lilichomoza nikasimama kidogo, nikamkumbuka Muhidini, angeliona hili angesema nini. Sote tulisimama naye pale, kisha akaendelea.

Karibu na chini mguu wake ulisita. "Nilikwepa kitu hapa."

Muhsin alichimba. Mchanga, mchanga, halafu maji. Hakuna.

Mama alitikisa kichwa, akarudi nyuma kidogo, akafumba macho kabisa, akaanza tena. Mkono ulikwenda, ukarudi. Ulikwenda, ukarudi. Kisha mkono ukashuka, ukashuka chini zaidi ya ardhi ilipo, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo, naye akayumba nikamdaka.

"Ufagio ulizama hapa," akasema. "Hapa."

Muhsin alilala kifudifudi. Alichimba kwa vidole, akatoa mchanga kiganja kwa kiganja, mkono ukaingia mpaka kiwiko, mpaka begani, shavu lake likalala chini. Halafu uso wake ukabadilika. Alitoa mkono polepole, na juu ya kiganja palikuwa na yai jeupe, la mviringo, lenye ganda laini, limelala vile vile lilivyokuwa limelala.

Ernesti alimshukuru Mungu kwa Kishambaa. Mimi nilikaa chini.

Wakaanza kuyatoa moja moja kwenye ndoo yenye mchanga wenye unyevu, bila kuligeuza hata moja, kwa sababu upande uliokuwa juu lazima ubaki juu. Mama hakuwa anatazama mayai. Alikuwa anatazama mikono ya Muhsin. Nami niliona alichokiona: kile kidole gumba kilichokunjwa ndani, zile ncha za vidole zinazokusanya na kuweka bila kutupa. Baba alikuwa anaweka mbegu hivyo. Wengine wanarusha punje shimoni na kufukia kwa mguu, yeye alikuwa anainama.

Tulipanda nayo juu ya tuta, kwenye mmea ule ndugu wa kiazi. Muhsin alipima kina kwa mkono wake, akachimba shimo lenye tumbo pana na shingo nyembamba. Mama akaomba kuweka. Muhsin akamwonyesha, naye akaweka, akifuata neno kwa neno, yeye asiyefuata neno la mtu. Walipomaliza kufukia Muhsin alizungushia wavu juu.

"Watatoka lini?" mama akauliza.

"Karibu miezi miwili."

"Na huo wavu?"

"Nyegere anakuja. Na kenge. Wavu peke yake hautoshi, anachimba pembeni. Lazima mtu awepo."

"Nani?"

"Mimi. Nina kibanda kingine cha kulindia kule juu, nakesha humo."

Mama alielekea anakoonyeshwa. Kilikuwa kitanda cha miti chenye paa la makuti, kimeinuliwa juu ya nguzo nne. Kwa Mzigua yeyote lile lilikuwa dungu, lile la katikati ya shamba ambamo mtu anakesha akifukuza nguruwe na ngedere mpaka mahindi yakauke. Baba alilala kwenye dungu lake kila msimu tangu sijazaliwa.

"Baba yako alilinda ili tule," mama akasema.

"Najua, mama."

"Hawa hawaliwi."

"Hawaliwi."

"Wakishatoka?"

"Wanakwenda zao baharini."

"Wanarudi?"

"Majike wengine. Baada ya miaka mingi. Wanarudi ufukwe huu huu kutaga."

Nilisubiri aseme. Ilikuwa ndiyo nafasi, neno lenyewe lilikuwa limeshajileta: na wewe utarudi lini? Nililiona mdomoni mwake. Akainama akaokota jani lililoanguka juu ya wavu, akalitupa pembeni.

Jioni mwezi ulitoka majini, mwekundu kwanza, kisha wa njano, kisha mweupe, na maji yakaja. Tulikaa kizingitini tukiwa na sahani za ugali na yule kuku wa Handeni. Maji yalipanda juu ya mistari ya ufagio, mmoja baada ya mwingine, bila kelele, yakafika penye lile shimo tupu, yakalijaza, yakapita. Mama alikula polepole. Akasema, "Lingekuwa kaburi," na tukakaa pale mpaka maji yalipoanza kurudi.

Asubuhi pikipiki zilikuja. Nilikuwa nimekasirika, niseme ukweli. Safari yote ile, na neno halijasemwa, na vuli haingoji mtu. Muhsin alimkumbatia mama, akabaki na uso wa mtoto anayesubiri kuchapwa, maana naye hakuwa mjinga, alijua tumefuata nini. Ernesti, kwa kutaka kumfurahisha mama, aliuchukua ufagio ulioegemea ukuta, akaanza kufagia mbele ya mlango kwa madoido.

"Weka chini!" mama akapaza sauti.

Ernesti akauweka kama umemuunguza.

Mama akamgeukia Muhsin. Mchangani, kutoka kizingitini mpaka kwenye pikipiki, zilikuwepo nyayo za mama, kandambili ndogo, moja baada ya nyingine.

"Ufagio nakuachia," akasema. "Lakini usifagie hapa. Mpaka nikupigie kwamba nimefika."

Muhsin alielewa kabla yangu. Nilimwona anaweka kiganja mdomoni, mabega yanatikisika, mtu mzima na sare yake. Mimi nilielewa nikiwa nimeshapanda pikipiki, na nililia mpaka Pangani, upepo unanikausha na mimi nalowana tena. Mwenye kukataa kufagia ni yule anayebaki nyumbani, na mama alikuwa amekubali kwamba nyumbani kwa Muhsin ni pale.

Kwenye basi, tulipokaribia Segera, mama alimpigia baba mdogo Jabiri. Alimwambia wanawe waandae majembe. Kisha akakaa na simu mapajani, anatazama mashamba ya katani yanavyopita. Nilimpa mahindi, akayakataa, baadaye akala.

Sikushuka Korogwe wala sikwenda Mombo. Niliendelea naye mpaka kijijini, kwa sababu sikutaka aingie ndani ya nyumba ile peke yake. Tulifika jua linazama. Uwanja ulikuwa umejaa majani ya mpera, kwani jirani aliyeachiwa funguo anaijua mila. Mama aliweka begi chini, akasimama katikati ya majani, akapiga simu.

"Muhsin? Nimefika, mwanangu. Nimefika salama." Akasikiliza. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Haya. Sasa fagia kwako."